Kuchuja Maji ya Kidimbwi cha Samaki kwa Sola: Mwongozo Kamili kwa Wafugaji wa Nyumbani Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Kidimbwi changu cha kwanza nilikichimba nyuma ya nyumba yetu Mamboleo, nikakifungia pampu ndogo ya sola iliyounganishwa moja kwa moja na paneli, bila betri. Mchana maji yalizunguka vizuri, yakapita kwenye pipa la mawe na kurudi yakiwa maangavu, na kila mgeni aliyekuja aliyasifu. Kisha ikaja wiki moja ya Aprili yenye mawingu mazito. Alfajiri ya siku ya nne nilisikia nyuma ya nyumba sauti kama ya manyunyu, ilhali paa lilikuwa kavu. Walikuwa samaki wangu, wote wakiwa juu ya maji, midomo wazi, wakitafuta hewa. Kufikia saa mbili asubuhi nilikuwa nimeopoa 41 waliokufa, nao walikuwa wamebakiza mwezi mmoja tu wavunwe.

Ninaandika mwongozo huu ili mfugaji mwingine asiopoe samaki wake kwa ndoo kama nilivyofanya mimi. Jua hutupatia nguvu mchana, lakini samaki huwa hatarini usiku, hasa karibu na saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo mtambo wa kuchuja maji kwa sola hupangwa kwa kuanzia saa hiyo na kurudi nyuma. Aina ya chujio, ukubwa wa betri na hata upande ambao paneli zitaelekea vinategemea saa hiyo moja.

Katika maelezo yote nitatumia mfano wa kidimbwi kimoja chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 2.5 na kina cha maji cha mita 1, yaani lita 10,000, kikiwa na tilapia 100 wanaotarajiwa kufikia gramu 300 kila mmoja. Ukiwa na kidimbwi kikubwa au kidogo zaidi, utaweza kuzidisha au kugawanya hesabu zangu.

Kinachotokea ndani ya maji

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi chake, na kiasi cha amonia hiyo hutegemea chakula unachompa. Kanuni inayotumiwa na wafugaji wa samaki kila mahali ni kuzidisha uzito wa chakula kwa kiwango chake cha protini, kisha kwa 0.092. Samaki wako 100 watakapofikia kilo 30 kwa jumla, utawapa chakula cha takribani asilimia 2 ya uzito wao, yaani gramu 600 kwa siku. Chakula hicho kikiwa na protini asilimia 30, utapata amonia ya gramu 16.5 hivi kila siku. Iweke namba hiyo moyoni, kwa kuwa ndiyo itakayotuambia tunahitaji mawe kiasi gani.

Amonia haina sumu sawa nyakati zote. Maji yakiwa na joto la nyuzi 28 na pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya 7, sehemu yenye sumu kali ni chini ya asilimia 1. pH ikipanda hadi 8 sehemu hiyo hufika asilimia 6 au 7, na ikifika 9 inakaribia asilimia 40. Maji ya kijani kibichi hupandisha pH alasiri, kwa sababu mwani huvuta kaboni dioksidi kadiri jua linavyowaka. Ndiyo maana mfugaji anaweza kuwaona samaki wazima asubuhi na kuwakuta wamelegea saa tisa alasiri ingawa hakuongeza chochote ndani ya maji.

Wanaotuondolea amonia ni bakteria wanaoishi juu ya nyuso za mawe na plastiki. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiwango kikubwa na ambayo mboga huipenda. Bakteria hao ni viumbe hai wanaohitaji oksijeni wakati wote. Wakizama ndani ya pipa ambalo maji yamesimama, huimaliza hewa iliyomo kwa saa chache na kuanza kufa, na pampu inapowaka asubuhi hukisukuma kile kilichooza ndani ya kidimbwi. Hilo ndilo lililotokea kwangu, pamoja na jambo la pili ambalo ni oksijeni yenyewe.

Kisumu iko takribani mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, maji ya nyuzi 28 yaliyoshiba hewa hushika takribani miligramu 7 tu za oksijeni kwa kila lita. Kidimbwi chetu cha lita 10,000 kinaanza usiku na gramu 70 hivi, lakini tilapia huanza kutaabika oksijeni inaposhuka chini ya miligramu 3, kwa hiyo akiba inayotumika ni kama gramu 40. Kilo 30 za samaki hutumia gramu 8 hivi kwa saa. Akiba hiyo inatosha saa tano, kabla hata hujahesabu mwani, bakteria na tope, ambavyo vyote hupumua usiku, na usiku wetu hapa karibu na ikweta una saa 12 mwaka mzima.

Hatua ya kwanza: mahali na umbo la kidimbwi

Chagua mahali palipoinuka. Wenzetu wa Nyamasaria, Ahero na nyanda za Kano wanajua jinsi maji ya mafuriko yanavyoingia uani bila kubisha hodi, na kidimbwi kilicho sawa na ardhi hupoteza samaki wote kwa usiku mmoja. Udongo mweusi wa Kano hupasuka wakati wa kiangazi na kuachia maji, kwa hiyo usiutegemee peke yake. Tandika nailoni nzito ya bwawa.

Ninapendekeza kidimbwi kilichochimbwa nusu na kuinuliwa nusu: chimba sentimita 45, kisha jenga ukuta wa matofali au mbao imara utakaoyainua maji sentimita 60 hivi juu ya ardhi. Mafuriko madogo hayataingia, mtoto mdogo hatatumbukia kirahisi, na, jambo ambalo ni muhimu zaidi kwa kazi yetu, maji yataweza kutiririka yenyewe kutoka chini ya kidimbwi hadi kwenye tangi la kwanza la chujio bila pampu. Sakafu iinamie katikati au upande mmoja, kwa tofauti ya sentimita 10 hadi 15, ili kinyesi kikusanyike penye tundu la kutolea maji.

Hatua ya pili: tangi la kutuamisha uchafu

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na ningependa tukae hapa kidogo. Utaona vidimbwi vingi ambamo pampu imetumbukizwa chini kabisa, inafyonza kinyesi na kukisukuma kwenye pipa. Pampu hiyo inakisaga kinyesi kuwa unga laini usioweza kushikwa na chujio lolote la nyumbani, na unga huo huendelea kuoza ndani ya maji. Kinyesi kinapaswa kufika kwenye tangi la kwanza kikiwa kizima, kwa mvuto wa maji wenyewe, na pampu ikae baada ya tangi hilo.

Tumia paipu ya inchi 3 kutoka kwenye tundu la chini. Ya inchi 4 inaonekana bora, lakini kwa mzunguko wetu wa lita 4,000 kwa saa maji yatakwenda polepole mno ndani yake na uchafu utatulia njiani.

Kuhusu ukubwa wa tangi, pipa moja la lita 200 halitoshi, ingawa ndilo linaloonyeshwa katika michoro mingi. Mdomo wa pipa hilo una eneo la robo ya mita mraba. Maji yanayopita ndani yake kwa lita 4,000 kwa saa hupanda kwa kasi ya mita 15 kwa saa, na kinyesi hakipati nafasi ya kushuka. Chukua lile tangi la mraba la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma, ambalo huuzwa likiwa limetumika, ulifungue juu. Eneo lake ni zaidi ya mita mraba moja, hivyo kasi inashuka hadi mita 3 au 4 kwa saa na uchafu unalala chini wenyewe. Uliza lilibeba nini. Likiwa lilibeba juisi au mafuta ya kupikia, lioshe ulitumie. Likiwa lilibeba dawa ya mimea au kemikali ya kiwandani, usilichukue hata ukipewa bure. Lifukie kiasi ili ukingo wake uwe juu kidogo ya usawa wa maji ya kidimbwi, na ulifungie koki ya inchi 2 chini kwa ajili ya kutolea tope.

Baada ya tangi hilo weka pipa moja la lita 200 lenye neti ya kitalu iliyokunjwakunjwa na kujazwa, ili ishike vipande vidogo vinavyoelea. Nakuomba sana usitumie chandarua cha mbu. Vyandarua vinavyogawiwa hospitalini vina dawa ambayo kwa samaki ni sumu kali, hata kwa kiwango kidogo mno na hata kama chandarua ni kikuukuu.

Hatua ya tatu: mapipa ya kudondoshea

Chujio la bakteria linaweza kuwa la kuzama, ambapo mawe yako chini ya maji, au la kudondosha, ambapo maji hunyunyizwa juu ya mawe yaliyo hewani na kushuka yakidondoka hadi chini. Kwa mtu mwenye umeme usiokatika, yote mawili yanafaa. Kwa anayetegemea jua, sina shaka hata kidogo: chagua la kudondosha. Pampu ikisimama kwa saa kadhaa, mawe hubaki yamelowa na yamezungukwa na hewa, na bakteria hawakosi oksijeni. Tena maji yanayodondoka huchukua hewa yakishuka, kwa hiyo chujio lilelile linakusaidia kuingiza oksijeni ndani ya kidimbwi.

Mawe bora tunayo hapa nchini kwa bei ndogo. Ni yale mepesi yenye matundu yaliyotokana na volkano za Bonde la Ufa, upande wa Nakuru na Naivasha, ambayo wengi wetu tunayajua kwa kusugulia visigino. Yavunje yafikie ukubwa wa ndimu ndogo, kama sentimita 2.5, na uyaoshe mpaka maji yatoke bila vumbi. Mita moja ya ujazo ya mawe ya ukubwa huo ina takribani mita mraba 150 za uso. Tukihesabu kwa tahadhari kwamba kila mita mraba inaondoa gramu 0.2 za amonia kwa siku, gramu zetu 16.5 zinahitaji mita mraba 83 hivi, yaani lita 550 za mawe. Hayo ni mapipa manne ya lita 200, kila moja likijazwa lita 140 hivi na kuachiwa nafasi juu na chini. Asiyepata mawe hayo anaweza kutumia vifuniko vya chupa za soda za plastiki, ambavyo ni vyepesi zaidi.

Toboa matundu mengi chini ya kila pipa, weka wavu wa plastiki ngumu juu ya matundu hayo, kisha jaza mawe. Juu weka sahani ya plastiki yenye matundu madogo ili maji yasambae kote, kwa maana sehemu isiyoloweshwa ni sawa na sehemu isiyokuwepo. Pipa moja likilowa huzidi kilo 100, kwa hivyo fundi wa kuchomelea akutengenezee meza ya vyuma imara kando ya kidimbwi, yenye urefu wa sentimita 80 kutoka ardhini, na maji yanayotoka chini ya mapipa yarudi kidimbwini kupitia mfereji wa paipu iliyopasuliwa.

Hatua ya nne: hesabu ya umeme

Pampu inakaa ndani ya pipa la neti na kuyapandisha maji hadi juu ya mapipa ya mawe, mwinuko wa mita 1.5 hivi ukijumlisha ukinzani wa paipu. Pampu ya umeme wa sola ya volti 12, isiyotumia brashi ndani ya mota, itapandisha lita 4,000 kwa saa kwa mwinuko huo ikitumia takribani wati 50. Hiyo ina maana kuwa maji yote ya kidimbwi yanapita kwenye chujio kila baada ya saa mbili na nusu. Nunua ile inayoweza kupunguzwa kasi, na kabla ya kulipa hakikisha kwamba ikiwa kwenye nusu ya mtiririko bado inafikisha maji juu.

Mchana, kwa saa 11, pampu itatumia wati-saa 550. Usiku, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja asubuhi, tutaipunguza ifikie wati 20, ili mawe yasikauke, nayo itatumia wati-saa 260. Kwenye saa hizohizo 13 tutawasha pampu ya hewa ya wati 25 yenye mawe ya hewa manne (vipande vyenye vitundu vinavyotoa mapovu ndani ya maji), ambayo itatumia wati-saa 325. Usiku pekee ni 585, na siku nzima ni 1,135.

Betri ndiyo inayobeba usiku huo. Betri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, yenye volti 12.8 na ampea-saa 100, ina wati-saa 1,280, na unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza, yaani 1,024. Itamaliza usiku na kubakiza akiba ya kuanzia siku ya mawingu. Ukichagua betri ya risasi na asidi, usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo betri moja ya ampea-saa 100 haitoshi, zinahitajika mbili. Betri ya gari usiinunue kwa kazi hii hata kidogo, kwani imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ikimalizwa kila usiku hufa kwa miezi michache.

Kwa paneli, tuchukue saa 5 za jua kamili kwa siku, na tukubali kwamba asilimia 30 ya nguvu hupotea kwa joto, vumbi, nyaya na kuchaji. Gawanya 1,135 kwa 3.5, utapata wati 324. Mimi huweka 400, yaani paneli mbili za wati 200, kwa sababu miezi ya masika haikosi siku mbili tatu zinazofuatana bila jua la maana. Kidhibiti cha chaji, ambacho mafundi wengi hukiita kontrola, kiwe cha ampea 40.

Hatua ya tano: paneli na nyaya

Kisumu iko kusini kidogo tu mwa ikweta, na jua hupita upande wa kaskazini kwa takribani nusu ya mwaka na upande wa kusini kwa nusu nyingine. Kwa hiyo ushauri wa kuelekeza paneli kusini, ambao watu huunakili kutoka nchi za Ulaya, hauna maana kwetu. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, ili mvua iteremke na vumbi. Linalofaa kuzingatiwa zaidi ni tabia ya anga letu: asubuhi nyingi ni nyeupe, halafu upepo wa ziwa hukutana na milima ya Nandi na mawingu ya radi hujikusanya alasiri. Paneli zikielekea mashariki kidogo, huvuna asubuhi ile safi. Kama paa lako lina mteremko wa mashariki, huo ndio mahali pake. Na kuziweka juu ya nyumba kunazikinga pia dhidi ya wezi. Chunguza vivuli saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kwani tawi moja la mwembe likifunika pembe ya paneli moja linaweza kupunguza nguvu ya zote mbili zilizofungwa kwa mfululizo.

Nyaya nyembamba hula umeme bila wewe kujua. Pampu ya wati 50 kwa volti 12 huvuta ampea 4.2. Iwapo betri iko ndani ya nyumba na kidimbwi kiko mita 15, umeme unasafiri mita 30 kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita mraba 2.5 unapoteza volti 0.9 hivi, ambayo ni zaidi ya asilimia 7, ilhali kwa waya wa milimita mraba 6 unapoteza volti 0.4 tu. Mimi nilishangaa siku nilipobadilisha waya: pampu ileile, betri ileile, lakini maji yalianza kuruka juu ya sahani badala ya kuvuja pembeni.

Weka fyuzi karibu kabisa na betri, ya ampea 50 kwa upande wa kontrola na ya ampea 10 kwa upande wa kidimbwi, na kiungio chochote cha waya kikae juu ya maji, ndani ya kisanduku kisichopitisha mvua. Fremu za paneli zichimbiwe waya wa ardhini, kwani magharibi mwa Kenya ni eneo la radi nyingi. Sheria inataka kazi hii ifanywe na fundi wa sola mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli. Muombe akuonyeshe leseni yake kabla hajapanda juu ya paa.

Hatua ya sita: kuamsha chujio kabla ya samaki wengi

Jaza maji. Yakiwa ya mfereji, yaache yazunguke siku mbili ili klorini iishe. Kisha uendeshe mtambo usiku na mchana, na usiku wa tatu uamke saa kumi na moja alfajiri, uende na tochi, uangalie kama maji bado yanadondoka na mapovu bado yanatoka, na usome volti za betri kwenye kontrola. Usinunue kifaranga hata kimoja kabla ya kuiona alfajiri hiyo kwa macho yako.

Bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kujaa kwenye mawe. Anza na samaki 25 wadogo na chakula kidogo, kisha ongeza waliosalia baada ya vipimo kutulia. Vifaranga, ikiwezekana vya madume pekee ili wasizaliane na kudumaa, uvitafute kwenye vituo vinavyoaminika. Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ziwa imekuwa ikizalisha vifaranga Kibos, na afisa wa uvuvi wa kaunti atakuelekeza kwa wafugaji wengine waliokaguliwa.

Nunua vifaa vya matone vya kupimia amonia, nitriti, pH na ualkali, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke. Katika wiki za mwanzo pima kila baada ya siku mbili. Utaona amonia ikipanda kisha ikashuka, halafu nitriti ikapanda. Nitriti inapozidi miligramu 1 kwa lita, acha kulisha na utie kilo moja na nusu ya chumvi ya kawaida katika kidimbwi chetu, ikiwa imeyeyushwa kwanza kwenye ndoo. Kloridi iliyo ndani ya chumvi huzuia nitriti isiingie kwenye damu ya samaki.

Ualkali hupuuzwa na wengi. Kila gramu ya amonia inayogeuzwa na bakteria hula takribani gramu 7 za ualkali, kwa hiyo kidimbwi chetu kikikomaa kitakula zaidi ya gramu 110 kwa siku, na ukiisha, pH huporomoka na bakteria huacha kazi. Ning'iniza mfuko wa wavu wenye chokaa ya kilimo, kama ile inayochimbwa Koru, ndani ya pipa la neti, na uhakikishe ualkali haushuki chini ya miligramu 80 kwa lita. Magadi ya kupikia mboga usiyatie, kwani hupandisha pH kwa haraka, na tumeona pH ikipanda amonia hufanya nini.

Kazi za kila siku na kila juma

Kila asubuhi fungua koki ya tangi la kutuamisha mpaka maji yanayotoka yaache kuwa ya kahawia. Ni lita 30 hadi 50 hivi. Yamwage kwenye sukuma wiki au shina la mgomba, kisha jazia kidimbwi kwa maji ya mvua au ya mfereji yaliyolala. Kila juma toa neti uioshe ndani ya beseni lenye maji ya kidimbwi chenyewe. Mawe ya volkano usiyaoshe kwa maji ya mfereji, kwa kuwa klorini itawaua bakteria uliowasubiri kwa mwezi mzima. Yakiziba, yasuuze pipa moja kwa mwezi, wala usiguse mawili kwa pamoja.

Paneli zifutwe kwa kitambaa chenye maji kila wiki mbili, asubuhi zikiwa bado za baridi. Walio upande wa Chemelil na Muhoroni wazifute mara nyingi zaidi, msimu ambao miwa huchomwa mashambani na majivu yake meusi huruka mbali. Funika nusu ya kidimbwi kwa neti ya kivuli ili kupunguza mwani, na nusu iliyobaki kwa wavu wa ndege, kwa sababu mdiria na mnandi wakishakijua kidimbwi chako hawasahau njia. Kenge naye hupita chini, kwa hiyo wavu ufungwe hadi ukutani.

Siku ambayo jua halijatoka kabisa, punguza chakula kiwe nusu. Siku ya pili usilishe. Tilapia mwenye afya anakaa siku tatu bila chakula na hapungui chochote cha maana, na asiyekula hutoa amonia kidogo na kutumia oksijeni kidogo.

Mtambo ukizimika usiku

Kontrola nyingi zina mahali pa kuchagua volti ambayo ikifikiwa umeme hukatwa. Pampu ya hewa iunganishwe ili ikatwe mwisho, baada ya pampu ya maji, kwa sababu samaki watavumilia amonia ya usiku mmoja lakini hawatavumilia kukosa pumzi. Ukisikia kimya nyuma ya nyumba, kwanza angalia fyuzi, kisha kiungio cha betri, kisha kama kuna jani au konokono ndani ya pampu.

Ikishindikana, chukua ndoo. Simama ukingoni, teka maji na uyamwage kutoka usawa wa kichwa ili yapasuke, na mtu wa pili afanye hivyo upande wa pili, bila kukoroga tope la chini. Kama una maji yaliyolala kwenye tangi la mvua, yafungulie yaingie kwa mnyunyizo. Watazame samaki: wakianza kushuka chini mmoja mmoja na midomo yao kutoweka juu ya maji, hewa inarudi. Endelea mpaka jua lipande juu ya paa na mwani uanze kutoa oksijeni, kama saa tatu asubuhi, na siku hiyo usiwape chakula chochote.